Tusiyasingizie Mawingu

Kila ndege ndogo inapoanguka katika nchi zetu hizi, hotuba ya mazishi huwa ileile. Husimama mkubwa mmoja, akasema hali ya hewa ilikuwa mbaya na kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Waombolezaji tunaitikia, jeneza linashushwa, na jambo limekwisha. Mimi siubishii uwezo wa Mungu. Ninachobisha ni desturi yetu ya kumtwika Yeye mzigo ambao ni wetu. Wingu halina mkutano wa kuwahi, wala halikukodi ndege. Sisi ndio tunaolifuata huko huko liliko.

Tarehe 30 Julai 2005, John Garang, aliyewahi kusoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alitoka Uganda kurudi kusini mwa Sudan kwa helikopta ya Rais wa Uganda. Alikuwa ametimiza wiki tatu tu tangu aapishwe kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Sudan. Jua lilikuwa linaelekea kuzama, mbele kuna milima na hali mbaya ya hewa. Wote 14 waliokuwamo walikufa, na saba kati yao walikuwa Waganda wa kuiendesha na kuihudumia helikopta hiyo. Habari ilipotangazwa, Khartoum iliwaka moto wa ghasia na watu wengine wengi wakapoteza maisha. Vita vya zaidi ya miaka 20 vilikuwa havikummaliza mtu yule. Safari ya jioni moja ilimmaliza. Nauliza swali la kijinga: kulikuwa na ubaya gani kulala Entebbe?

Tarehe 10 Aprili 2006, ndege ya Jeshi la Anga la Kenya ilikwenda Marsabit ikiwa na watu 17, wakiwamo wabunge waliokuwa wakienda kusuluhisha ugomvi wa makabila. Ilikigonga kilima katika hali mbaya ya hewa ikijaribu kutua. Walikufa 14. Safari ya amani, naam, lakini amani ile ingeweza kungoja ukungu uondoke.

Tena msidhani haya ni ya Afrika peke yake. Tarehe 26 Januari 2020, helikopta ilianguka kwenye vilima vya Calabasas, California, ikaua watu tisa, akiwamo mchezaji Kobe Bryant na binti yake. Wachunguzi wa Marekani walisema rubani aliendelea na safari ya kuongozwa kwa macho mpaka akaingia mawinguni, akapotewa na mwelekeo. Wakaongeza jambo ambalo lingefaa kubandikwa katika kila uwanja wetu wa ndege: kwamba yaelekea rubani yule alijitwisha mwenyewe shinikizo la kumfikisha mteja wake. Hakuna aliyemfokea. Ukubwa wa abiria ulitosha.

Msomaji ambaye hajapata kuruka katika ndege ndogo huenda asielewe kwa nini wingu linaua. Wingu halivunji bawa. Linachofanya ni kumnyang'anya rubani upeo wa macho. Akiukosa, hulitegemea sikio lake la ndani, na sikio hilo hudanganya: humwambia ndege imelala sawa, kumbe inapinda na kushuka. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois kilichapisha jaribio la marubani 20 wasiozoea kuongoza kwa kutazama vyombo peke yake. Wote 20 walishindwa kuidhibiti ndege, na kwa wastani ilichukua sekunde 178. Hizo hazifiki dakika tatu. Hotuba ya msiba huwa ndefu kuliko hapo.

Mimi ni mtu wa Tabora, na mji wetu umekuzwa na watu waliojua kungoja. Richard Burton aliwasili hapa Novemba 1857 baada ya siku 134 kutoka pwani, na vitabu vyake vimejaa manung'uniko juu ya wapagazi wasiokwenda alipotaka waende. David Livingstone aliachwa Kwihara Machi 1872, akakaa mpaka Agosti akingoja wapagazi kutoka pwani. Mpagazi wa Kinyamwezi alikuwa mtu wa makubaliano. Akiona mbele hapaendeki, alitua mzigo chini, na tajiri, awe Mwarabu au Mzungu, akabaki akifoka.

Sisemi kwamba misafara ile ilikuwa ya heri. Njia ileile, kutoka Ujiji mpaka Bagamoyo, ilipitisha watu waliofungwa minyororo, ambao hawakuwa na ruhusa ya kusema hapana. Ndipo ilipo tofauti: mtu huru hujulikana kwa kuweza kusema "siendi". Je, rubani wetu wa leo yuko upande gani? Sheria inasema yeye ndiye mwenye neno la mwisho. Tumbo lake linasema mwenye neno ni yule anayelipa.

Nina sababu ya kuuliza. Masika moja, reli ilipokuwa imekatwa na maji, nilipata habari kwamba mjomba wangu amefariki Kigoma. Mfanyabiashara mmoja alinipa kiti katika ndege ndogo aliyoikodi. Saa tisa alasiri tulikuwa uwanjani Tabora, juu yetu jua kali, lakini magharibi kumesimama wingu jeusi kama ukuta. Rubani, kijana mdogo, alizungumza kwenye redio, akarudi, akasema haruki.

"Nimekulipa uruke au utazame mawingu?" tajiri alifoka.

Mimi nikasema baya zaidi, kwa sauti ya upole: "Mwanangu, mimi nina maiti inaningoja. Wewe huna mjomba?"

Kijana akainamisha kichwa. "Nisamehe, baba. Kesho alfajiri nitakupeleka. Leo siruki."

Kesho yake alitupeleka salama. Mjomba alikuwa amekwisha zikwa, na jamaa walinilaumu. Tajiri yule aliwaambia wenye ndege wasimletee tena "mwoga" yule, nami nilikuwa nimesimama pale pale, nikasikia, nikanyamaza. Baadaye niliambiwa kijana hapangiwi tena safari zake. Kwa hiyo ninapowashutumu wakubwa, najihesabu miongoni mwao. Shinikizo halitoki kwa waheshimiwa tu. Hutoka pia kwa mfiwa mwenye machozi ya kweli.

Nitaambiwa: nchi ni kubwa, barabara mbovu, wako wagonjwa wasioweza kungoja. Ni kweli. Lakini mgonjwa anayepakiwa ndani ya radi hakuokolewa. Ameongezewa wenzake wa kufa nao. Tena wengi wanaosema hawawezi kungoja hawana mgonjwa. Wana kikao.

Basi tufanye yanayowezekana. Anayekodi ndege atie sahihi kwamba rubani atalipwa sawasawa, aruke asiruke. Viwanja vya mikoani vipewe vipimo vya hewa na watu wa kuvisoma. Taarifa za uchunguzi zichapwe kwa Kiswahili, zisomwe hadharani, siyo kufungiwa kabatini. Na pale kaburini, baada ya kusema kazi ya Mungu haina makosa, asimame mtu aulize: nani alisema turuke?

Kijana yule, ikiwa bado yu hai, sasa ni mtu mzima. Akiusoma ukurasa huu atajitambua. Namwambia leo neno nililopaswa kulisema pale uwanjani, mbele ya tajiri: ulifanya sawa, mwanangu, na mimi nilikosa.