Punda Aliyevaa Suti ya Kilatini

Wiki hii sina stori ya mapenzi wala ya mtu kufumaniwa. Nina stori yangu mwenyewe, tena ya aibu, na naitoa bure kabisa ili wewe uliye na barua ya kuomba kazi mfukoni usije ukaumbuka kama mimi.

Miaka miwili iliyopita nilipata kibarua cha muda kwenye ofisi moja hapa mjini. Jina la ofisi naliweka kapuni. Kazi yenyewe ilikuwa kupanga mafaili na kutumwa chapati, lakini mie na kidato changu cha nne nilijiona nimeula. Siku moja bosi akatangaza kwamba kila mtu aandike wazo lake la kuboresha ofisi, na liandikwe kwa Kiingereza. Nikakesha. Nikashusha kurasa mbili za ung'eng'e mzito, kwamba mafaili yapangwe kwa rangi: nyekundu ya madeni, bluu ya wateja, kijani ya mishahara. Baada ya siku tatu karatasi ikarudi. Juu kabisa, kwa kalamu nyekundu, kuna neno moja tu: "Asinine."

Bwana wee! Nikalitazama lile neno, likanikaa vizuri. Lina mlio wa kisomi. Linafanana na "fine", linafanana na "genuine". Nikajua nimepasi. Nikapita mlangoni kwa bosi, nikamwambia, "Asante sana bosi, nimeiona." Akaniangalia kama mtu aliyeona mzimu. Jioni kijiweni ile karatasi ikazungushwa mkono kwa mkono. Mshikaji mmoja anayejifanya anajua kila kitu akasema maana yake ni mtu mwenye kuona mbali. Nikakopa soda nne kwa Mangi, watu wakanywa kwa afya yangu.

Kesho yake nikampitia mwalimu mmoja mstaafu wa mtaani kwetu, mtu aliyefundisha Kiingereza mpaka mvi zikatoka.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Naona leo meno yote nje."

Nikampa karatasi. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Na huyu bwana umeshamshukuru?"

"Nimemshukuru, Mwalimu."

Mzee akashusha pumzi. "Mwanangu, kwa Kilatini asinus ni punda. Hapa umeambiwa wazo lako ni la kipunda. Ni upuuzi."

Sitasema nilijisikiaje. Nitasema tu kwamba soda nne nilizilipa kwa wiki mbili.

Yule mzee hakuniacha niondoke hivyo hivyo. Akatoa kamusi lake kubwa lililokwisha toka jalada, akanifungulia siri ambayo shuleni hakuna aliyeniambia. Waingereza wana makabati mawili ya maneno. Kabati la kwanza ni la nyumbani kwao, ndimo walimo cow, dog, cat, sheep. La pili lina suti za kuazima. Mwaka 1066 William wa Normandy alivuka bahari kutoka Ufaransa, akaiteka Uingereza, na kwa zaidi ya miaka 200 wakubwa wa pale wakawa wanaongea Kifaransa. Ndiyo maana ng'ombe akiwa zizini kwa mkulima ni cow, akifika mezani kwa bwana mkubwa anageuka beef. Baadaye wasomi nao wakaanza kuchota Kilatini vitabuni, hasa kuanzia karne ya 16, na ndiko mengi ya haya maneno ya "-ine" yalikotoka. Hicho kimkia kwa Kilatini ni "-inus", maana yake "cha" au "-enye asili ya". Sisi tunaweka "ki" mbele tukasema kipunda, wao wanaweka mkia nyuma.

Basi hesabu. Bos ni ng'ombe, tunapata bovine. Equus ni farasi, equine. Porcus ni nguruwe, porcine. Ursus ni dubu, ursine. Leo ni simba, leonine, yaani kichwa kikubwa na nywele za kutisha (wana Msimbazi, hilo ni lenu). Aquila ni tai, na mtu mwenye pua iliyopinda kama mdomo wa tai anaambiwa ana pua aquiline. Canis ni mbwa, canine. Na hapo nikapiga kelele! Kumbe yale meno tuliyokuwa tunachora kidato cha pili kwenye Bayolojia, canines, ni meno ya mbwa tu. Chonge! Nimekariri miaka minne, nimechapwa viboko kwa kusahau, hakuna aliyeniambia kwamba ni mbwa.

Sasa ukisikia mtu kaitwa bovine usidhani kasifiwa afya. Ni mzito, mpole wa kupitiliza, macho yametulia lakini hayaelewi kitu. Feline, kutoka felis, paka, hilo mara nyingi ni sifa: dada anatembea kwa kunyata, hana haraka, kila hatua ina maringo. Lakini toa suti ya Kilatini, umvalishe paka yule yule nguo za nyumbani, unapata catty, mtu mwenye maneno ya kuchomachoma. Mbwa ndiyo kabisa. Canine ni la daktari wa meno na daktari wa mifugo, halina ubaya wala uzuri. Dogged la nyumbani linakuwa sifa, mtu ving'ang'anizi asiyekata tamaa. Na kondoo, kwa Kilatini ovis, ana ovine yake ya kwenye vitabu vya mifugo, ila sheepish ni yule anayeona aibu, anacheka huku anatazama vidole vya miguu. Kama mimi siku ile.

Kilichonichekesha zaidi ni sungura. Kwetu sungura ndiye mjanja, kamtia adabu fisi, kamzunguka simba. Huko kwao ujanja kapewa mbweha, vulpes, wakatengeneza vulpine. Sungura wetu akatupiwa leporine, ambalo halina ujanja hata chembe. Ni habari za masikio na mdomo tu.

Mengine yamejificha mpaka unaweza kuishi nayo maisha yote usiyashtukie. Wale mabaunsa wa mlangoni disko, wanaovaa fulana za kubana ili tuone vifua, kwa Kiingereza ni muscular. Neno hilo limetoka kwenye musculus, kwa Kilatini panya mdogo. Watu wa zamani waliona msuli wa mkono ukikunjwa unavyotembea chini ya ngozi, wakaona kipanya kinakimbia. Kwa hiyo baunsa ni mtu mwenye vipanya vingi. Mimi sitamwambia, kamwambie wewe. Cynical nalo, mtu asiyeamini wema wa yeyote, linatoka kwa Wagiriki: kyon ni mbwa. Kule Athens, zaidi ya miaka 300 kabla ya Kristo, alikuwepo mzee Diogenes aliyeishi ndani ya mtungi mkubwa na kumsema kila mtu usoni. Watu wakamwita mbwa, naye akalipokea jina.

Ila lililonikalisha chini ni vaccine, chanjo. Mwalimu aliniuliza, "Unadhani limetoka wapi?" Nikasema labda ni jina la dawa. Akacheka. Vacca ni ng'ombe jike, na vaccine hapo mwanzo halikuwa jina la kitu, lilikuwa neno la sifa, "-a ng'ombe". Tarehe 14 Mei 1796 daktari wa kijijini Uingereza, Edward Jenner, alichukua majimaji kwenye kidonda cha mkono wa msichana mkamua maziwa aliyepata ndui ya ng'ombe, akampandikiza mtoto wa miaka 8, James Phipps. Baadaye akamjaribu kwa ndui yenyewe, mtoto hakuugua. Mwaka 1798 Jenner akaandika kitabu, akauita ule ugonjwa kwa Kilatini variolae vaccinae, ndui ya ng'ombe. Mfaransa Louis Pasteur akapendekeza mwaka 1881 kwamba kila kinga ya namna hiyo iitwe vaccine, hata kama ng'ombe hahusiki, kwa heshima ya Jenner. Mgonjwa wa mwisho kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alipatikana jirani zetu Somalia mwaka 1977, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui imekwisha duniani. Ng'ombe huyo! Na sisi bado tukitaka kumtukana mtu tunasema "we ng'ombe nini."

Nikamwambia Mwalimu, basi punda naye atafutiwe lake zuri. Akapekuapekua kamusi, akakohoa, akasema tunywe chai.

Kibarua changu kiliisha mwezi uliofuata, mkataba haukuongezwa. Nikakaa mtaani miezi mitatu. Hali yangu ya kifedha, ambayo Waingereza wanaiita pecuniary, kutoka pecu, mifugo, ilikuwa haina hata mbuzi. Nikakumbuka kuna siku tisa ambazo sikulipwa, nikajikaza nikarudi pale ofisini kudai.

Nikaingia. Nikasimama mlangoni. Kabati zima, toka chini mpaka juu, mafaili mekundu, mafaili ya bluu, mafaili ya kijani. Nyekundu madeni. Bluu wateja. Sikuhitaji kuambiwa kijani ni nini.

Bosi mwenyewe alikuwa amesimama pale pale kwa katibu muhtasi wake, anasaini hundi. Nikamsalimia kwa adabu, shikamoo, akaitikia bila kuinua kichwa. Nikatazama lile kabati taratibu, kama mtu aliyeingia makumbusho.

"Hongera bosi," nikasema. "Ofisi imekuwa asinine kweli kweli."

Kalamu ikasimama. Akainua kichwa, tukatazamana. Katibu muhtasi, dada mmoja mtu wa watu sana, akanipa tabasamu la nguvu.

"Asante kaka," akasema. "Tumejitahidi."