Masisi na Walikale: Bima inafika wakati jino la mtoto limekwisha kuoza

Mtoto wa miaka saba anafika kwenye kituo cha afya, shavu limevimba, jicho moja karibu kufunga. Ni usiku wa tatu halali. Mama amemfunga kitambaa kichwani. Kabla muuguzi hajatazama kinywa, mama anauliza lile swali ambalo kila mzazi wa huku kwetu anauliza kwanza: ni bei gani?

Hatumsemi mtoto mmoja. Ni mfano, lakini anayefanya kazi kwenye kituo cha afya Mweso, Kirotshe, Pinga ao Itebero hatauona kuwa mgeni. Na kuna jambo moja ambalo mfano huu unaficha. Jino lile halikuanza kuoza juzi. Lilianza miezi mingi nyuma, kwa alama nyeupe, halafu kitobo kidogo cheusi. Wakati huo wote mtoto alikuwa anacheza, anakula, hana maumivu. Wakati huo wote matunzo yangekuwa mepesi. Na wakati huo wote hakuna kadi, mutuele wala msaada uliojua kwamba jino hilo liko.

Tunapozungumza bima, ao asiransi kama wengi wanavyosema huku, tunazungumza malaria, operesheni, uzazi. Meno ya watoto hayatajwi. Katika makala hii tunatazama aina za ulinzi ambazo familia za Masisi na Walikale zinaweza kupata, na tunauliza kila moja swali lile lile: mtoto ambaye hajaumwa bado, unamfanyia nini?

Nani analindwa, na kwa kitu gani?

Tuanze na wenye mkataba wa kazi. Kanuni ya kazi ya Congo ya mwaka 2002 inamlazimisha mwajiri kulipia matibabu ya mfanyakazi na familia yake, na matunzo ya meno yamo. Mwenye kazi ya mkataba kwenye kampuni ya mgodi, benki ao shirika anaweza kupeleka mtoto wake mwenye jino bovu. Ni haki, si zawadi. Lakini sheria inaanza na neno «ugonjwa». Kumpeleka mtoto mzima atazamwe tu, hiyo inategemea moyo wa mwajiri. Na tena, ni wangapi kati yetu wenye mkataba? Mkulima wa maharagwe wa Masisi, mchimbaji wa Rubaya, motari wa Walikale, mama anayeuza mafuta ya mawese sokoni: wote hawamo.

Wengine wanafikiri CNSS, kasha ya taifa ya usalama wa jamii, inalipa hospitali. Hapana. CNSS inashughulikia pensheni, ajali na magonjwa yanayotokana na kazi, na malipo ya familia. Malaria ya mtoto haimo, jino lake halimo.

Walimu wana mutuele yao ya afya, MESP, iliyoanza Kinshasa na kuingia katika majimbo mengine. Mwalimu anakatwa kidogo kwenye mshahara, halafu anatunzwa pale ambapo mutuele ina mkataba na hospitali. Ni jambo zuri kwa walimu. Lakini inahitaji mshahara unaopita benki, na hospitali yenye mkataba isiyokuwa mwendo wa siku mbili.

Mutuele za watu wote zina sheria yao tangu tarehe 8 Februari 2017. Kule Kivu ya Kusini zimekuwepo hata mbele ya sheria hiyo, zikisaidiwa na kanisa Katoliki la Bukavu. Huku kwetu vita inazivunja mbele hazijakomaa. Mutuele inaishi kwa watu wanaokaa pahali pamoja na kuchanga kila mwaka. Kijiji kinachokimbia mara tatu kwa mwaka kitachanga namna gani?

Serikali nayo ilianza mpango wa afya kwa wote. Mlango wa kwanza uliofunguliwa, Kinshasa, Septemba 2023, ni uzazi wa bure: mama anazaa bila kulipa na mtoto mchanga anatunzwa. Tunaushukuru. Lakini mtoto mchanga hana meno. Meno yanaanza kuota kwenye miezi sita hivi, wakati bure ya uzazi imekwisha kuishia.

Inabaki msaada wa mashirika. Médecins Sans Frontières wanasaidia hospitali kuu ya Masisi tangu 2007, na kwa familia nyingi huo ndio ulinzi pekee wanaoujua. Msaada wa namna hiyo unaanza na kinachoua haraka: risasi, surua, utapiamlo, malaria, uzazi mgumu. Hakuna anayeweza kuulaumu. Lakini msaada wa dharura unapokea dharura. Jino linapaswa kwanza kuwa dharura ili lipokelewe.

Na kisha kuna ulinzi ambao tumejijengea wenyewe: muso. Karibu kila kijiji kina yake. Kashi ya kijani ni ya mikopo, kashi nyekundu ni ya shida. Mtoto akilazwa, kashi nyekundu inafunguliwa. Mtu akifa, inafunguliwa. Kusema kweli, kashi nyekundu ndiyo bima ya Masisi na Walikale. Lakini nayo inangoja shida iingie nyumbani.

Ukiziweka zote pamoja, unaona ziko na tabia moja. Zote zinalipa kinachouma. Hakuna hata moja inayolipa ili kisiume.

Kwa nini jino haliwezi kungoja

Kuna wazazi watasema: ni meno ya utoto, yatatoka tu. Neno hilo limeharibu vinywa vingi.

Mtoto anakuwa na meno 20 ya utoto akikaribia miaka mitatu. Akifika miaka sita hivi, gego jipya linaota nyuma kabisa, nyuma ya yale ya utoto. Halisukumi jino lolote, halitoi damu, basi mzazi halioni. Likioza, mzazi anafikiri ni jino la utoto. Kumbe ni jino la maisha. Likitolewa, hakuna lingine litakaloota pahali pake.

Jino bovu linamzuia mtoto kula, linamnyima usingizi, linamtoa shuleni. Usaha unaweza kushuka shingoni na kuziba pumzi. Na katika kambi za wahami kuna hatari ingine ambayo wazazi wanapaswa kuijua jina: noma. Inawapata zaidi watoto wa miaka miwili mpaka sita, wenye utapiamlo, mara nyingi wametoka kuugua surua. Inaanza na fizi zinazovimba na kutoa damu. Katika siku chache inakula shavu. Bila matunzo, watoto tisa kwa kumi wanaweza kufa. Ikikamatwa mwanzoni, inatunzwa kwa antibiotiki, kusafisha kinywa na chakula kizuri. Mnamo Desemba 2023, shirika la afya ulimwenguni, OMS, liliiweka kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa.

Utapiamlo, surua, kambi iliyojaa watu: kila mtu wa Masisi anajua hiyo mambo inaonekana wapi. Ndiyo sababu kutazama kinywa cha mtoto si starehe ya watu wa mjini.

Kadi peke yake haitoshi

Je, serikali ikigawa kadi ya bima kwa kila mtoto kesho, shida itakwisha? Majirani wetu wametuachia masomo mawili.

Tanzania ilikuwa na Toto Afya Kadi, ya mfuko wa taifa wa bima ya afya. Mzazi alilipa shilingi 50,400 kwa mwaka kwa mtoto mmoja. Machi 2023 mfuko uliacha kuandikisha mtoto mmoja mmoja, ukataka watoto waingie kwa njia ya familia ao shule. Sababu ni rahisi kuelewa: wazazi wengi walikuwa wanakata kadi mtoto akiwa tayari mgonjwa, na makuta yaliyotoka yakazidi yaliyoingia. Bima ya wagonjwa peke yao haisimami. Kwa jirani mwingine, Rwanda, mituweli inahesabu nyumba nzima, mgonjwa na mzima, na hiyo imesaidia idumu.

Somo la pili ni la watu na barabara. Kwa hesabu za OMS, Afrika ilikuwa na madaktari wa meno karibu watatu tu kwa watu 100,000, sawa na sehemu moja ya kumi ya kiasi cha dunia nzima. Katika nchi yetu wengi wako Kinshasa na miji mikubwa. Mzazi wa Walikale mwenye kadi nzuri angepaswa kwanza kufika Goma, kupitia barabara ya matope na vizuizi. Mwaka 2025 vita ilipita Masisi centre na Sake mwezi wa kwanza, ikafika Walikale centre mwezi wa tatu. Kadi gani inalipa barabara hiyo?

Kwa hiyo tusidanganyane. Kadi bila mtu wa kutazama meno ni karatasi.

Milango mitatu ambayo iko wazi

Habari nzuri ni kwamba kazi kubwa ya kulinda meno haihitaji daktari wa meno, na ina milango ambayo watoto wetu wanapita tayari.

Mlango wa kwanza ni kilo. Mama anapeleka mtoto apimwe na achanjwe, na chanjo ni bure. Muuguzi anampima uzito, anatazama mkono kama kuna utapiamlo. Kuinua mdomo wa juu wa mtoto na kutazama meno na fizi kunachukua muda mdogo kuliko kuandika jina lake kwenye kadi. Akiona alama nyeupe, anamfundisha mama. Akiona fizi zinazotoa damu kwa mtoto mwenye utapiamlo, anaanza matunzo ao anamtuma hospitali siku ile ile.

Mlango wa pili ni shule. Tangu 2019 masomo ya msingi ya serikali ni bure, na mtoto anaingia mwaka wa kwanza akiwa na miaka sita, wakati ule ule gego la maisha linaota. Pale shule inapofunguliwa, ndipo pahali pa kuwapata wote: mwenye mkataba, asiye na mkataba, mhami na mwenyeji. Kupiga mswaki pamoja mara moja kwa siku kunahitaji mswaki, dawa ya meno na mwalimu mmoja anayesimamia.

Na tundu likiwa limeanza? Kuna njia iliyoanza Tanzania, kwenye miaka ya 1980 katikati, inayoitwa ART. Mtunzaji aliyefundishwa anaondoa sehemu iliyooza kwa chombo cha mkono, halafu anaziba kwa simenti ya meno. Hakuna umeme, hakuna mashine inayolia, mara nyingi hakuna sindano. Mwaka 2021 OMS iliweka simenti hiyo, pamoja na dawa ya meno yenye fluori, kwenye orodha ya dawa za lazima. Kama ni dawa za lazima, basi zinaweza kuombwa na zoni za afya sawa na dawa zingine.

Mlango wa tatu ni muso. Wanachama wanaweza kukubaliana kwamba sehemu ndogo ya kashi nyekundu inunue miswaki na dawa ya meno kwa watoto wa wanachama, mara moja kila muhula wa shule. Mwenye kuchunga kashi atapinga: kashi ni ya shida. Jibu lake ni hili: kila shavu linalovimba litafungua kashi hiyo hiyo, na kwa bei kubwa zaidi.

Tunachopaswa kuomba

Siku mutuele inakuja kijijini kutafuta wanachama, msiulize tu mchango ni ngapi. Ulizeni kama meno yamo. Ulizeni kama mtoto anaweza kutazamwa bila kuumwa. Ulizeni ni kituo gani, na nani aliyefundishwa kule.

Wenye mkataba wa kazi, someni haki yenu na muiombe kwa maandishi. Wakubwa wa zoni za afya na mashirika yanayowasaidia, wekeni mstari mmoja wa kinywa kwenye daftari ya kilo. Kisichoandikwa hakihesabiwi, na kisichohesabiwa hakipati bajeti. Na wanaopanga hatua zitakazofuata za afya kwa wote wakumbuke kwamba mtoto haishi siku zake za kwanza tu.

Kwetu wazazi, leo jioni inawezekana kuanza. Dawa ya meno iwe na neno «fluor» kwenye boksi. Kwa mtoto asiyefika miaka mitatu, kiasi cha punje ya mchele kinatosha. Kuanzia mitatu mpaka sita, kama punje ya njegere. Ateme, asimeze. Hiyo ni ya maana zaidi upande wa Sake, ambako maji ya karibu na volkano yanaweza kuwa na fluori nyingi. Madoa ya kahawia kwenye meno ya watoto wa kule mara nyingi si uchafu. Bomboni na sukre zisiwe za kutwa nzima. Mtoto akishapiga mswaki usiku, asile tena, anywe maji tu. Na mara moja kwa mwezi mpeleke kwenye mwanga, umwambie afungue kinywa, utazame nyuma kabisa.

Kutazama hakuombi kadi wala barabara. Lakini ukiona kitobo, mtoto wako anastahili mtu wa kukiziba karibu, kwa bei unayoiweza, mbele shavu halijavimba. Hilo ndilo la kudai.