Paka Wako na Mbwa wa Jirani

Ugomvi mwingi wa majirani hauanzi na mambo makubwa. Huanza na kuku aliyeparua mchicha, maji machafu yaliyovuka mpaka, au mbwa aliyemrarua paka. Jambo hili la mwisho huonekana dogo kwa asiyelipata. Lakini nyumba iliyompoteza paka imempoteza mlinzi wa gunia la mahindi na rafiki wa watoto, na chuki inayobaki hapo huweza kudumu kuliko uzio wenyewe. Kwa hiyo Jumapili hii tuzungumze jinsi ya kumlinda paka anayetembea nje wakati jirani anafuga mbwa.

Yafaa kwanza tuelewe tabia za wanyama hawa wawili. Mbwa hafukuzi paka kwa sababu ya uadui. Silika yake humwamuru kukimbiza chochote kinachokimbia mbele yake. Paka naye silika yake humwamuru kukimbia na kupanda juu. Basi mmoja akianza, mwingine humkamilishia mchezo, na mchezo huo huisha kwa damu. Mbwa aliyelelewa pamoja na paka tangu akiwa mtoto wa majuma machache mara nyingi humvumilia, lakini usidhani kwamba mbwa mzima wa jirani atajifunza uvumilivu huo kwa kuonyeshwa paka wako mara mbili tatu.

Katika miji yetu, mbwa wengi wa ulinzi hufungiwa bandani mchana na kufunguliwa usiku. Kwa bahati mbaya, paka hupenda kuwinda magharibi na alfajiri. Hapo ndipo njia zao hukutana. Kwa hiyo hatua ya kwanza, isiyokugharimu hata senti moja, ni kumzoeza paka wako kulala ndani. Mpe chakula chake kikuu jioni, tena baada ya kuingia ndani, si kabla. Gonga bakuli lake kwa namna ile ile kila siku. Baada ya siku chache atakuja mwenyewe kabla jua halijazama, nawe ufunge mlango mpaka kupambazuke. Kama umehamia nyumba mpya, usimtoe nje kwa muda wa majuma mawili au matatu, ili aizoee harufu ya makao yake na ajue pa kukimbilia.

Hatua ya pili ni kumwandalia mahali pa kuokoka. Kucha za paka zimepinda kuelekea nyuma, nazo humsaidia sana kupanda, lakini si kushuka kichwa chini. Mti wenye matawi mapana karibu na jiko ni ngome nzuri. Ukuta uliopigwa lipu laini si ngome hata kidogo, kwani kucha hazipati pa kushika. Simamisha nguzo kando ya ukuta huo, uizungushie kamba ya katani tangu chini hadi juu, na paka atapanda kwa nukta moja. Waweza pia kuacha tundu dogo chini ya mlango wa stoo, linalompitisha paka lakini likamzuia mbwa. Mabaki ya samaki na mifupa yasitupwe uani, kwa maana yatamwita mbwa avuke mpaka.

Hatua ya tatu ni kumhasi. Dume asiyehasiwa husafiri mbali akitafuta majike, hupita nyua asizozijua, na hurudi na majeraha au harudi kabisa. Jike naye hubeba mimba kwa majuma tisa tu, na watoto wake ambao hawajajua kupanda ndio wa kwanza kukamatwa. Daktari wa mifugo huifanya kazi hii kwa dawa ya usingizi. Usikubali fundi wa mtaani aifanye kwa wembe.

Sasa tuje kwa jirani mwenyewe. Usiende kwake siku ile ya msiba, huku umeshika mzoga mkononi, wala usimtume mtoto. Nenda ukiwa umetulia, piga hodi, na uanze kwa kukiri kwamba paka wako naye si malaika: huenda amekwisha kula vifaranga vya watu. Kisha uliza mbwa hufunguliwa saa ngapi. Mkikubaliana kwamba paka awe ndani ifikapo saa 1 usiku, na mbwa asifunguliwe kabla ya saa 4, nusu ya kazi imekwisha. Kama uzio una pengo, changieni gharama ya kuliziba. Waonyeni na watoto wa pande zote mbili. Mtoto anayempigia mbwa kelele za "mshike!" ili acheke paka akikimbia, anamfundisha mbwa kuuma, na siku moja atakayekimbia atakuwa mtoto mwenzake. Mazungumzo yakishindikana, mwenyekiti wa mtaa na afisa mifugo wa kata wapo kwa ajili hiyo.

Lakini liko jambo moja ambalo msomaji wa safu hii asilifanye kamwe: kutia sumu katika nyama na kuitupa njiani. Sumu haichagui. Mbwa uliyemkusudia huenda asipite, apite kuku wa mjane, au mtoto anayetambaa, au paka yule yule uliyetaka kumlinda. Hata panya aliyekula sumu huweza kumuua paka atakayemla. Tena Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama, awe wako au wa jirani.

Ikitokea paka ameumwa, mfunge taratibu kwa kanga nzito au gunia, kwa sababu paka mpole huuma akiwa na maumivu. Mtie katika boksi lenye matundu, umpeleke kwa daktari wa mifugo siku ile ile. Usidanganyike na udogo wa jeraha. Meno ya mbwa huacha tundu dogo juu ya ngozi huku nyama ya ndani ikiwa imesagika. Akipumua kwa mdomo wazi, hali ni mbaya, usingoje. Wala usimpe Panadol: kidonge kimoja chaweza kumuua paka.

Zaidi ya yote, kumbuka kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu hupita katika mate, na paka aliyeumwa huweza kuuleta hadi mkekani wanapolala watoto. Paka na mbwa wachanjwe wakifikisha umri wa miezi 3, kisha chanjo irudiwe kama daktari atakavyoelekeza. Mtu akiumwa au kuparuzwa, oshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali mara moja akapate chanjo, hata kama jeraha ni dogo. Dalili zikishajitokeza, karibu hakuna anayepona. Wataalamu husema kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Basi siku utakayompeleka paka wako kuchanjwa, mgongee na jirani mlango, mwende pamoja naye na mbwa wake.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo jioni, kabla giza halijaingia, uzungukie uzio wako uone pengo liko wapi.