Laptopu Yako Haijafa, Imekosa Draiva

Wewe uliyenunua laptopu ya mtumba Kitale au Bungoma, ukaweka Linux, kisha fundi akakuambia "waifai imekufa, nunua ingine", hebu tulia kidogo. Muulize kama kadi imekufa kweli ama ni keneli haiijui. Hayo ni mambo mawili tofauti, na tofauti yake inatoka mfukoni mwako.

Keneli ndiyo sehemu ya mfumo inayoongea na vyuma vyenyewe, na kila chuma kinataka draiva yake. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10, na mashine kibao za zamani haziruhusiwi kupanda Windows 11. Unadhani zitaishia wapi? Mimi naona zinakuja huku kwetu. Linux inaweza kuziokoa bila malipo, lakini waifai ikigoma tu, watu wanarudi kwa Windows ya wizi.

Kadi za Broadcom ndizo zilisumbua watu sana. Kampuni ilikuwa imeficha maelezo, basi watu wa kujitolea wakachunguza draiva yake inavyofanya kazi, wakaandika yao, ikaingia kwa keneli mwaka 2006. Broadcom wenyewe walikuja kufungua draiva ya kadi zao mpya 2010. Mmoja wa waliobeba huo mzigo ni Larry Finger, mwanasayansi Mmarekani aliyekuwa amestaafu. Alishughulika na draiva za waifai kwa miaka mingi, akafariki Juni 2024 akiwa na miaka 84. Mzee wa 84, buda! Na sisi wa ishirini na kitu eti hatuna time.

Hivi vyuma vya zamani viko mikononi mwetu. Mhandisi wa Ulaya alishatupa yake, sasa nani ataijaribu? Wakati mwingine draiva ipo tayari, kinachokosekana ni laini moja tu: namba ya kadi yako haimo kwenye orodha yake. Fungua tamino, andika lspci -nn. Kadi ya Broadcom itaonyesha 14e4, kisha namba yake yenyewe. Hiyo, pamoja na yale dmesg inasema, ndiyo watunzaji wa draiva wanataka kuona. Mimi niliacha chuo, na sijaona mahali kiraka cha keneli kinaulizwa digrii. Kinataka jina lako na kazi inayoeleweka.

Utaambiwa ununue ka-waifai ka USB yaishe. Sawa, lakini angalia chipu kwanza. Kuna za Realtek ambazo zilingoja mpaka keneli 6.2, mwaka 2023, ndipo zikapata draiva humo ndani.

Na kama huna neti ya kutafuta hiyo draiva, chomeka simu yako ya Android kwa waya ya USB, uwashe kushea intaneti. Keneli itaiona kama kadi ya mtandao, bila kuongeza chochote. Bando tu ndiyo itakuwa juu yako.