Ushahidi Asioonyeshwa Mshitakiwa

Usiku wa tarehe 15 Julai 2016 kundi la wanajeshi wa Uturuki lilijaribu kuipindua Serikali ya nchi hiyo. Vifaru viliingia barabarani, Bunge likapigwa mabomu, na zaidi ya watu 240 wakauawa. Hakuna mwenye akili timamu atakayeilaumu Serikali yoyote kwa kuwasaka wahaini wa namna hiyo. Lakini tangu lini mwalimu wa shule akawa mhaini kwa sababu ya programu iliyomo katika simu yake?

Programu hiyo ni ByLock. Kazi yake ilikuwa kupeleka ujumbe uliogeuzwa kuwa maandishi ya fumbo. Idara ya usalama ya Uturuki ilijipatia habari zilizokuwa katika seva yake huko Lithuania, ikatengeneza orodha ya watumiaji na kuikabidhi kwa waendesha mashitaka. Watu wapatao 100,000 walihesabiwa humo.

Hapo ndipo sheria ilipogeuzwa miguu juu, kichwa chini. Mahakama za Uturuki zilishika msimamo kwamba ByLock ilikuwa ya wafuasi wa mhubiri Fethullah Gülen, aliyeshutumiwa kwa jaribio lile. Kwa hiyo kila aliyeitumia ni mwanachama wa genge la kigaidi. Aliandika nini? Alimwandikia nani? Maswali hayo hayakupewa uzito. Ni sawa na hakimu kumfunga mtu kwa barua ambayo hakuisoma, kwa kuwa tu bahasha yake ilipigwa lakiri. Tena programu yenyewe ilipata kutolewa hadharani, mtu yeyote akiitaka aichukue!

Mwalimu mmoja wa mji wa Kayseri alikamatwa Septemba 2016, na Machi 2017 akahukumiwa kifungo cha miaka 6 na miezi 3. ByLock ndiyo iliyokuwa nguzo ya hukumu. Nyongeza zake zilikuwa akaunti ya benki na uanachama wa chama cha wafanyakazi wa elimu, mambo yaliyokuwa halali kabisa wakati alipoyafanya. Aliomba habari zile za seva zichunguzwe na mtaalamu asiye wa upande wowote. Alinyimwa.

Wapo watakaodai kwamba mitambo haisemi uongo. Na wajibu hili: Desemba 2017 waendesha mashitaka wa Ankara wenyewe walikiri kwamba wenye namba za simu 11,480 walielekezwa kwenye seva ya ByLock bila kujua. Kama mitambo ingeaminiwa bila kuhojiwa, nani angewatetea hao?

Kweli, wahalifu wamehamia katika simu, na si haki kuitaka polisi ibaki nje ikigonga hodi. Mwaka 2020 askari wa Ufaransa waliingia katika mtandao wa EncroChat na kusoma mazungumzo ya wauza dawa za kulevya. Huko angalau maneno yenyewe yalisomwa. Hata hivyo, Aprili 2024 Mahakama ya Umoja wa Ulaya, huko Luxembourg, iliamua kwamba ushahidi ambao mshitakiwa hawezi kuujibu ipasavyo, nao una uzito mkubwa katika kesi, sharti uwekwe kando.

Juu ya mwalimu wa Kayseri, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilitoa hukumu tarehe 26 Septemba 2023. Majaji 16 kati ya 17 walisema hakusikilizwa kwa haki. Majaji 11 walisema pia kwamba aliadhibiwa pasipo msingi wa sheria, maana dhamira yake haikuthibitishwa, ilidhaniwa tu. Kesi nyingine kama 8,500 za namna hiyo zilikuwa zikingoja mbele ya Mahakama hiyo.

Kesi ikarudishwa Kayseri. Septemba 2024 mahakama ya mji huo ilimsikiliza mwalimu upya, ikampa tena miaka 6 na miezi 3.