Wapimeni Wazee Masikio Kabla ya Kusema Wamesahau

Mhariri,

Mzee wa Likoni, Kisauni au Changamwe akienda kliniki yake ya kila mwezi hufungwa mkanda wa presha, hutobolewa kidole apimwe sukari, hupandishwa mizani. Masikio yake ni nadra kuulizwa. Miaka ikipita, akianza kujibu visivyo, kuuliza jambo lile lile mara tatu na kunyamaza watu wanapozungumza, nyumbani husemwa mzee amerudi utotoni, na mambo huishia hapo. Lalamiko langu ni kwa wanaopanga huduma za afya katika kaunti yetu ya Mombasa na kule Nairobi: tunawahukumu wazee kwa akili zao kabla ya kuhakikisha kwamba wanatusikia, ilhali utafiti umekuwa ukituambia kwa zaidi ya miaka kumi kwamba uziwi na dimensia huandamana.

Jopo la wataalamu la jarida la kitabibu la Lancet, likiongozwa na Profesa Gill Livingston wa London, liliutaja uziwi miongoni mwa vichocheo vya dimensia vinavyoweza kurekebishwa tangu ripoti yake ya 2017. Katika ripoti ya 2024 vichocheo hivyo vimefika 14, na jopo linakadiria kwamba lau vyote vingeondolewa, karibu asilimia 45 ya visa vya dimensia duniani vingezuilika au kuchelewa. Fungu la masikio peke yake ni asilimia 7, sawa na la lehemu mbaya ya damu, na hakuna kichocheo kingine katika orodha hiyo chenye fungu kubwa kuliko hayo mawili. Kabla ya hapo, mnamo 2011, Frank Lin na wenzake walichapisha matokeo ya watu 639 waliofuatiliwa kwa miaka mingi katika utafiti wa Baltimore, Marekani. Aliyekuwa na uziwi mdogo alikabiliwa na hatari ya dimensia takriban mara mbili ya anayesikia vyema, mwenye uziwi wa wastani mara tatu, na mwenye uziwi mkubwa mara tano. Maelezo ya wataalamu yanaingia akilini. Ubongo unaopokea maneno nusunusu hutumia nguvu zake kuyaunga, ukabakiwa na kidogo cha kuweka kumbukumbu. Tena asiyeweza kufuata mazungumzo hujitenga, akaiacha baraza, akaziacha harusi, na huo upweke nao umo katika orodha ile ile ya Lancet.

Linaloudhi zaidi ni namna tunavyopima. Mzee anayeshukiwa kusahau huulizwa leo ni siku gani, kisha hutajiwa maneno matatu ayarudie, na baada ya dakika chache huulizwa tena maneno hayo. Mlango u wazi, pangaboi linavuma, na nje wagonjwa wanaitwa kwa majina. Neno ambalo hakulisikia atalikumbukaje? Uziwi wa uzeeni kwa kawaida huanza na sauti nyembamba, zile za s, f na sh, ndiyo maana mzee hujua kwamba unasema naye lakini haelewi umesema nini, na ukimpigia kelele unazikuza zaidi zile sauti nzito ambazo hazikuwa na tatizo. Jamaa zake hukata shauri kwamba husikia akitaka. Na wako ambao masikio yao yamezibwa na nta tu, kazi ndogo kwa tabibu mwenye taa ya kumulikia sikio. Jirani zetu wa Kilifi wametuonyesha kosa la kumsoma mzee vibaya linavyoweza kuishia: wazee wameuawa kwa shutuma za uchawi, na wengine wamekimbilia hifadhi ya Kaya Godoma huko Ganze. Si kila aliyeshutumiwa alikuwa na dimensia, na mara nyingi nyuma ya shutuma kuna ugomvi wa shamba, lakini mzee anayejibu yasiyoulizwa ni rahisi kusingiziwa.

Yupo atakayesema kwamba mambo mawili kuandamana hakuthibitishi kuwa moja limezaa jingine. Kweli, na anayetaka kunipinga namwonyesha pa kuanzia: utafiti wa ACHIEVE uliochapishwa 2023, uliowahusisha Wamarekani 977 wa umri wa miaka 70 hadi 84. Kundi moja lilipewa vifaa vya kusikia na mafunzo ya kuvitumia, jingine likapewa masomo ya afya tu. Baada ya miaka mitatu, kwa jumla, kudhoofika kwa akili hakukutofautiana baina ya makundi hayo. Lakini kwa wale waliokuwa tayari hatarini zaidi, wenye umri mkubwa zaidi, maradhi zaidi na kipato kidogo, waliopewa vifaa walidhoofika polepole kwa asilimia 48. Hao wanafanana zaidi na wazee wa Mtongwe na Mishomoroni kuliko wale wenzao waliojitolea wakiwa na afya zao. Sidai kwamba kifaa ni dawa ya dimensia. Hata kisipozuia kisa kimoja, mzee atakuwa ameyasikia maagizo ya dawa zake, wajukuu zake na honi ya lori.

Jibu la pili, kwamba uzee ni uzee, silikubali hata kidogo. Uziwi unaozungumziwa na Lancet ni ule unaoanza makamo, na makamo ya watu wa huku kwetu hupita kwenye mashine zenye kelele. Kanuni za Kenya za kudhibiti kelele viwandani za 2005 zinakataza mfanyakazi kukaa kwenye kelele ya zaidi ya desibeli 90 kwa zaidi ya saa nane kwa siku, na zinamtaka mwajiri apunguze kelele na kuwapa wafanyakazi kinga ya masikio. Kibarua wa Changamwe anayelipwa jioni na kesho hajui ataitwa wapi, nani atamfuatilia masikio kwa miaka ishirini? Na mafundi wa kuchomelea walioko barabarani, na makanga wa matatu za Kisauni, hawana hata mwajiri wa kuulizwa.

Imebaki fedha, na hapa hoja ya serikali ina uzito. Vifaa vya kusikia ni ghali, na mzee anayetegemea shilingi 2,000 za ruzuku ya serikali ya Inua Jamii kwa mwezi hawezi kununua hata kimoja. Lakini kupima si ghali. Wahamasishaji wa afya ya jamii tayari wanapita majumbani na mikoba yenye kipima presha na kipima sukari, na huko Khayelitsha, Afrika Kusini, wahudumu wa aina hiyo hiyo wamewapima watu usikivu kwa simu za mkononi na kuwawekea vifaa mitaani kwao. Kuondoa nta kunahitaji maji ya uvuguvugu na bomba la sindano mikononi mwa aliyefunzwa. Kumkalia mzee uso kwa uso na kuzima redio hakuna bei. Kama kuna wazee watakaovikataa vifaa kwa kuona haya, na wapo, hiyo si sababu ya kuwanyima kipimo wasioona haya.

Hospitali za Likoni na Port Reitz pamoja na kituo cha Mlaleo zatosha kuanzia. Kila mtu wa miaka 50 na zaidi anayekuja kuchukua dawa za presha au sukari amulikwe masikio, apimwe usikivu kwa simu, na jibu liandikwe kwenye kadi yake pale pale panapoandikwa presha.

Msomaji wako,
Likoni, Mombasa