Cherehani Mpya Bado Haijawa Tayari

Haya wasomaji, leo tuiweke kompyuta kando. Nataka kuzungumzia cherehani, na najua wapo watakaouliza mtu wa programu ana habari gani na cherehani. Anazo, tena nyingi.

Dadangu ni fundi wa nguo huko Keroka, mji ule ambao nusu yake iko Kisii na nusu Nyamira. Alinunua cherehani mpya ya kukanyaga kwa miguu katika duka moja mjini Kisii, kwa sababu sare za shule hazingoji na ile kuukuu imechoka. Alipotaka kuijaribu kwa kitambaa chake mwenyewe, muuzaji akamwambia, "Hii ni mpya, dada, utaijaribu ya nini?" Hapo ndipo ninapopinga.

Cherehani hizi nyeusi ni nakala. Umbo lake ni lile la Singer 15 la mwishoni mwa karne ya 19. Baada ya vita kwisha mwaka 1945, viwanda vya Japani vililinakili kwa wingi, na China na India nazo zinaunda za aina hiyo. Hataza zilikwisha zamani, kwa hiyo ni kama programu huria ya chuma: bobini na kikombe chake utavipata karibu soko lolote. Mimi sina ugomvi na nakala. Ila muundo ukiwa mzuri, haina maana kwamba hii iliyotoka kwenye boksi leo imeundwa vizuri. Aliyewahi kusakinisha programu atanielewa.

Yetu ilikuwa ikikata uzi kila baada ya mishono michache. Mafundi wengi hapo hukimbilia skrubu ya kukaza uzi na kuizungusha mpaka hawajui ilianzia wapi. Sisi tulipiga picha kwa simu kwanza, kisha tukabadilisha kitu kimoja kimoja. Tukafuta grisi ya kiwandani, tukatia mafuta ya cherehani (si ya kupikia jamani, hayo huganda), tukaweka sindano mpya namba 16 inayofaa kaki. Uzi ukaendelea kukatika. Basi tukapitisha pamba kwenye tundu la bamba ambamo sindano huingia. Pamba ikanasa. Palikuwa na ncha ndogo ya chuma ambayo hata jicho halikuiona, na huko kiwandani hakuna aliyejisumbua kuisugua. Tuliisugua kwa msasa laini kabisa, na uzi ukaacha kukatika.

Ndipo tukageukia skrubu. Uzi mwekundu juu, mweupe chini. Mwekundu ukichungulia upande wa chini, ule wa juu umelegea mno. Mweupe ukitokeza juu, ule wa juu umekazwa kupita kiasi. Robo ya mzunguko, shona, tazama, andika. Mkanda wa ngozi nao tuliufupisha kidogo maana ulikuwa ukiteleza kwenye gurudumu.

Kazi yote hiyo ilikula mchana mzima. Sasa niambieni, mchana huo ulikuwa wa nani? Fundi hulipwa kwa nguo aliyoimaliza. Sare ikichelewa, mzazi anakwenda kwa fundi mwingine na harudi. Ubishi wangu ni kwamba muuzaji ndiye angepaswa kuifanya kazi hii, au angalau kumwachia mnunuzi ashone shubiri mbili kabla ya kulipa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na ya kupata habari anazohitaji ili azifaidi. Huhitaji wakili kwa shubiri mbili za kaki.

Najua jibu la wenye maduka: wateja watachafua mashine, watavunja sindano. Sindano ni kitu cha bei ndogo. Muwekee mteja sindano ya majaribio na umtoze akiivunja.

Wewe unayepanga kununua kabla shule hazijafunguliwa Januari, beba kipande cha kitambaa unachoshona kila siku, uzi wa rangi mbili na pamba kidogo mfukoni. Ukikatazwa kuvitumia, vuka barabara. Maduka ya cherehani mjini Kisii si moja.